Dawa Zisizojuana
Hotuba juu ya usingizi na sonona, iliyotolewa katika ukumbi wa hekalu, Mpanda, katika juma la maadhimisho



Kamati iliponiomba mimi, mfamasia, nizungumze juu ya afya, nilidhani nitapewa kisukari au shinikizo la damu, maradhi tuliyokwisha kuyazoea hata tukayataja mezani bila haya. Lakini mjumbe mmoja alinivuta kando akaninong'oneza: "Zungumza juu ya usingizi. Watu hawalali." Nikajiuliza: kwa nini ananong'ona? Katika swali hilo ndimo ilimo hotuba yangu yote.

Tuliolelewa kwa hadithi za Ramayana twamjua Kumbhakarna, aliyelala nusu mwaka. Twamjua na Lakshmana, ambaye wasimuliaji husema alikesha miaka 14 msituni, huku mkewe Urmila akimlalia usingizi wake nyumbani Ayodhya. Hadithi ni tamu, ila hapa Mpanda hakuna wa kutulalia. Bhagavad Gita, katika sura ya 6, huuweka usingizi pamoja na chakula na kazi katika mambo yanayotaka kiasi. Asiyelala hutafuta kiasi hicho popote: kabatini, dukani, kwa jirani.

Naomba idhini ya kusimulia ya nyumbani kwetu. Baba yangu mkubwa, baada ya kufiwa na mkewe, alikuwa akiamka saa tisa za usiku na kuketi barazani mpaka kuche. Daktari alitambua kuwa ana sonona, akampa amitriptilini, kidonge kimoja kila usiku. Mzee alikificha kidonge kile ndani ya kopo la majani ya chai. Alihofu nini? Alihofu watu waseme kuwa amerukwa na akili, na wajukuu wa kike wakose wachumba. Ninyi mwajua jinsi jina la Mirembe, hospitali ile ya Dodoma, lilivyofanywa tusi midomoni mwa watu.

Wiki ya kwanza usingizi haukutengemaa. Akaongeza Piriton, aliyozoea kuinywa kwa mafua, kwa kuwa humletea usingizi. Mpwa wake wa Leicester akamletea chupa ya vidonge vya mitishamba. Shangazi, kwa mapenzi, akamkorogea maziwa yenye unga wa ashwagandha. Kila mmoja alitoa kwa nia njema, na hakuna aliyejua alichotoa mwenzake. Usiku wa nne mzee hakumtambua mwanawe, kinywa kilimkauka, na mkojo ulimfunga. Tulidhani ni kiharusi. Alipofikishwa kwa tabibu, na vichupa vyote vikamwagwa mezani, jambo likawa wazi. Mzee alipona. Wapo wasiopata bahati hiyo.

Ndugu zangu, tuutazame mchanganyiko ule. Amitriptilini hukausha kinywa, hufunga choo, huzuia mkojo na kuleta usingizi. Piriton hufanya hayo hayo. Zikikutana mwilini mwa mzee, madhara hujumlishwa, naye huweza kuchanganyikiwa au kuanguka gizani. Tena amitriptilini hutolewa pia kwa maumivu ya mishipa ya fahamu. Hivyo mtu huweza kuimeza bila kujua kuwa ni dawa ya sonona.

Ashwagandha ni mmea wa heshima katika Ayurveda, nao hukua hata katika sehemu kame za Afrika Mashariki. Jina lake la kitaalamu, Withania somnifera, lina neno la Kilatini lenye maana ya kuleta usingizi. Kwa hiyo nao huongeza uzito wa dawa nyingine za kulaza. Huweza kupandisha homoni za tezi ya shingo, na mara chache umeripotiwa kudhuru ini. Kungumanga nalo, chembe ndogo katika maziwa ni kiungo cha mapishi. Lakini atakayekula kijiko kizima kwa kutafuta usingizi atapata mapigo ya moyo ya kasi na maruweruwe badala ya ndoto njema. Kutoka shambani hakukifanyi kitu kuwa salama. Sumu nyingi nazo zimetoka shambani.

Vile vya kutoka ng'ambo vyataka tahadhari zaidi. Dawa nyingi za sonona, kama fluoksetini, hufanya kazi kwa kuzidisha nguvu ya serotonini, kemikali inayobeba ujumbe katika ubongo. Mmea uitwao St John's wort, na virutubisho vya triptofani na 5-HTP, huiongeza kemikali hiyo hiyo. Vikichanganywa na dawa hizo, serotonini huweza kufurika: mtu hutetemeka, hutokwa na jasho, huharisha, moyo humwenda mbio, misuli hukakamaa, homa hupanda, akili huvurugika. Mara nyingi hutokea ndani ya saa 24 tangu kitu kipya kuongezwa au kipimo kuzidishwa. Huo si wakati wa kusubiri kupambazuke. Ni wakati wa kwenda hospitali, na vichupa mkononi.

Melatonini ni homoni ambayo mwili wenyewe huitoa giza linapoingia. Kwa kipimo kidogo, na kwa idhini ya daktari, wengi wanaotumia dawa za sonona huweza kuitumia. Lakini fluvoksamini, mojawapo ya dawa hizo, hulizuia ini lisiivunje melatonini, ikajaa damuni mara nyingi kupita kiasi. Hizo mbili zisikutanishwe. Kuna na jambo la kutia shaka katika chupa zenyewe. Huko Uingereza melatonini hutolewa kwa cheti cha daktari, ila Marekani huuzwa kama kirutubisho tu. Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walichapisha vipimo vya bidhaa 31 za melatonini: nyingi hazikulingana na maandishi ya lebo, na katika 8 kati yake mlikutwa serotonini ambayo haikutajwa. Atakayesema kirutubisho ni chakula tu, na akumbuke Marekani mwaka 1989, ambapo triptofani iliyochafuka kiwandani iliwaugua watu zaidi ya 1,500 na kuwaua zaidi ya 30.

Basi, je, nawakataza kila kitu? La. Nawaomba mfuate utaratibu.

Kwanza, ulizeni chanzo. Kuamka kabla ya alfajiri huweza kuwa sonona yenyewe, nayo dawa huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonesha nguvu zake. Pengine dawa ndiyo inayokesha: fluoksetini huwanyima wengine usingizi, na daktari akiihamishia asubuhi mambo hutulia. Na pengine ni chai yetu ya masala ya saa mbili usiku, tunayoilaumu mwisho kwa kuwa tunaipenda mno.

Pili, msikiache kidonge cha sonona ghafla kwa kuwa kirutubisho kimeonekana kufaa. Kukatisha ghafla huleta kizunguzungu, wasiwasi na kukosa usingizi zaidi. Wakati wa masika, barabara za mkoa wetu zinapoharibika, chukueni dawa ya kutosha kabla ya safari.

Tatu, kiongezwe kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa kipimo kidogo, kwa ushauri, katika usiku ambao kesho yake hamtaendesha gari wala mashine. Pombe isihesabiwe kuwa dawa ya usingizi, na diazepamu isinywewe bila cheti.

Nne, tuanze na lisilo kidonge: kuamka saa ile ile kila siku, kupunguza usingizi wa mchana, kuiweka simu mbali na kitanda. Maziwa ya moto yenye asali kidogo ya Inyonga, kwa asiye na kisukari, hayagombani na dawa yoyote kati ya nilizozitaja.

Tano, na hili ndilo kubwa, chukueni mfuko mmoja. Tieni humo kila mnachomeza, cha hospitali, cha duka, cha mganga, cha Ayurveda na cha ndugu wa ng'ambo, muupeleke kwa daktari au mfamasia. Mkipata madhara, tuambieni tuyaripoti kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yapate kumwonya na mwingine.

Na kama kukesha kunaambatana na mawazo ya kutotaka kuishi, usikae nayo peke yako usiku huo huo. Mwamshe mwenzio, aamke nawe mpaka mfike kwa tabibu. Nanyi wenye mgonjwa nyumbani, amitriptilini itunzwe na mtu mwingine, ifungiwe. Ikizidi kipimo husimamisha moyo.

Wazee wetu waliifuata reli iliyoletwa hapa kwa ajili ya madini ya risasi, wakaishi ugenini kwa kutegemeana. Mtu aliyeishiwa sukari aligonga mlango wa jirani bila aibu. Nauliza: mtu aliyeishiwa usingizi kwa nini aone aibu? Dawa za baba yangu mkubwa hazikujuana kwa sababu sisi tuliompa hatukuambiana, na hatukuambiana kwa sababu yeye aliogopa macho yetu. Tukitaka hekalu hili liwe nyumba ya amani kwa miaka mingine mingi, tuyafanye macho yetu yasiogopwe.

Mzee yu hai, na yumo ukumbini humu. Ni yeye aliyeniruhusu kusema. Kidonge chake sasa hukaa juu ya meza ya chakula, kando ya achari, na hulala hadi saa kumi na moja.