Masalia ya Pamba: Mali Tunayoigeuza Majivu



Mimi ni mhasibu. Kazi yangu ni kuuliza mali imetoka wapi na imekwenda wapi. Leo nauliza kuhusu masalia ya pamba. Kila baada ya mavuno, hapa Bariadi na kote Maswa, Itilima, Meatu na Busega, tunatakiwa kuyang'oa na kuyachoma, na kwa sababu njema: wadudu waharibifu hujificha humo wakingoja msimu ujao. Lakini moto ukizimika tunabaki na nini? Majivu.

Karibu nusu ya uzito wa masalia makavu ni kaboni ambayo mmea uliivuta kutoka hewani. Kilo 1 ya kaboni ikiungua yote, hurudi angani kama kilo 3.7 hivi za hewa ukaa.

Ipo njia ya kuchoma inayoua wadudu na kubakiza mali. Unachimba shimo, pana juu na jembamba chini. Unawasha moto, unaongeza masalia tabaka kwa tabaka; mwali wa juu huzuia hewa isiufikie mkaa wa chini. Shimo likijaa, unazima kwa maji au kwa kufukia udongo. Mkaa huo unasagwa, unachanganywa na samadi, unakaa wiki kadhaa, kisha unatiwa shambani. Husaidia udongo wa kichanga kushika maji na mbolea, na sehemu kubwa ya kaboni yake hudumu ardhini kwa miaka mingi sana.

Kuna hatua ya juu zaidi. Mkaa ukipikwa tena kwa mvuke, kwenye joto la nyuzi 800 hivi, hufunguka vitundu vidogo mno. Gramu 1 tu huweza kuwa na eneo la ndani la zaidi ya mita za mraba 500, na hapo ndipo hewa ukaa hunaswa. Pumba za mpunga nazo zinafaa kwa kazi hiyo.

Je, tujenge kiwanda? Kama mhasibu wenu nasema: bado. Kinahitaji tanuri, umeme na wataalamu. Wala sitawaahidi fedha za hewa ukaa. Mnunuzi wake hudai vipimo na kumbukumbu, nasi hatuna hata daftari.

Naomba sehemu ya michango ya mwaka huu ianzishe mashimo ya majaribio na shamba la ekari 1: nusu litiwe mkaa na samadi, nusu samadi peke yake. Tuombe ushauri wa watafiti wa TARI Ukiriguru, tupime mavuno, tuandike kila shilingi. Mwakani nitawasomea hesabu hapa hapa, iwe faida au hasara.

Wazee wetu walitunza ngitili bila kungoja mfadhili. Nasi tuanze na shimo moja.