Ukingo wa Dari: Kibali cha Jengo Nacho ni Jambo la Mageuzi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya waumini na wanaharakati wa mtaani)



Tumezoea kukutana kwa ajili ya mambo makubwa: katiba, uchaguzi, mahakama, wafungwa. Leo tunaomba mturuhusu tuzungumze juu ya karatasi moja ndogo. Ni ile karatasi inayobandikwa kwenye ua au kupigiliwa misumari mtini, ikisema kwamba mwenye kiwanja fulani anaomba kubadilisha matumizi ya ardhi yake kutoka makazi hadi biashara, na kwamba aliye na pingamizi alete kwa maandishi.

Sisi wenyewe tuliipita karatasi ya namna hiyo mtaani kwetu. Ilikuwa kwenye mti, njia tunayopita kila Jumapili kwenda ibadani, na tulidhani ni tangazo la mganga au la chumba cha kupangisha. Tulipoona mabati yamezungushwa na matingatinga yameingia ndipo tulipoanza kuulizana. Tulipofika ofisini tuliambiwa kwa upole kwamba muda wa pingamizi umekwisha na kwamba hakuna mkazi hata mmoja aliyeandika. Leo jengo lile la maduka na ofisi limesimama orofa saba. Mabomba ya maji taka, yaliyowekwa kwa ajili ya nyumba za chini, hufurika barabarani, na darasa la watoto wadogo la kanisa letu halipati jua mpaka adhuhuri. Hatukuibiwa usiku. Jambo lilipita mchana, machoni petu, na sehemu ya kosa ni yetu.

Ndugu zetu, mamlaka ya kuamua nini kijengwe wapi hayakuanza kama jambo la kiufundi tu. Nairobi iligawanywa na wakoloni kwa rangi ya ngozi: Wazungu kwenye vilima na viwanja vipana, Wahindi katikati, Waafrika mashariki, kwenye vyumba vya kubanana, na hao wakihesabiwa kama wageni waliokuja kufanya kazi kisha warudi mashambani. Mpango mkuu wa mwaka 1948, ulioandikwa na wataalamu kutoka Afrika Kusini, uliuita mji huu mji mkuu wa koloni. Bendera ilipobadilika mwaka 1963, mistari mingi ya ramani ilibaki pale pale. Aliyekuwa na kiwanja kipana alibaki na upana wake, na waliobanana wakaendelea kubanana.

Mwaka 1983 Baraza la Jiji la Nairobi lilivunjwa, na mji ukatawaliwa na tume iliyoteuliwa mpaka uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992. Kwa miaka hiyo yote mkazi wa Nairobi hakuwa na diwani aliyemchagua. Ni katika kipindi hicho, mwaka 1989, palipotokea mpango wa kujenga jumba la orofa 60 ndani ya Bustani ya Uhuru, kwa ajili ya gazeti la chama tawala na shughuli nyingine, pamoja na sanamu ya Rais. Profesa Wangari Maathai aliandika barua kuhoji. Bungeni alidhihakiwa, na shirika lake likafukuzwa katika ofisi lililokuwa likitumia. Alipokwenda mahakamani, kesi ilitupwa kwa hoja kwamba yeye hakuwa na haki ya kushtaki katika jambo hilo.

Tulitafakari hoja hiyo. Bustani ni ya watu wote, lakini mmoja wa watu hao hana haki ya kuitetea! Hata hivyo barua zile ziliendelea kusomwa, hapa na ng'ambo, wafadhili wakasita, mpango ukapunguzwa, kisha ukaachwa. Mwaka 1992 ua uliokuwa umezungushiwa bustani uliondolewa. Mwaka 1991 Bustani ya Jeevanjee nayo ilitakiwa igeuzwe kuwa jengo la kuegesha magari. Zarina Patel, wa ukoo wa yule mzee aliyewapa watu wa Nairobi bustani hiyo, akaongoza upinzani mpaka ikaokoka. Mwisho wa muongo huo ikaja vita ya Msitu wa Karura, ambako Januari 1999 watu waliokwenda kupanda miti walipigwa na kuumizwa. Leo Uhuru, Jeevanjee na Karura zote zipo, kwa sababu kuna watu waliokataa kwamba mpango wa ardhi ni siri ya wakubwa.

Sasa tuseme jinsi jambo lenyewe linavyofanya kazi, maana adui hujificha ndani ya hesabu. Kila eneo la mji huwekewa matumizi: makazi, biashara, viwanda, shule, bustani. Kisha huwekewa vipimo viwili. Kimoja ni sehemu ya kiwanja inayoweza kufunikwa na jengo. Cha pili ni jumla ya sakafu ya orofa zote ikilinganishwa na ukubwa wa kiwanja.

Chukueni kiwanja cha mita za mraba 1,000, chenye ruhusa ya kufunikwa nusu. Ikiwa jumla ya sakafu haitakiwi kuzidi mita za mraba 1,000, mwenyewe atajenga orofa mbili. Mtu akiibadilisha tarakimu hiyo moja ikawa 3,000, amepata orofa sita pale pale. Hakununua hata inchi moja ya ardhi, wala hakutoa jasho, amepata sahihi. Thamani ya kiwanja hupanda tangu siku ile wino unapokauka. Lakini maji, barabara, maji taka na mahali pa watoto kuchezea havikuongezeka, na tofauti hiyo italipwa na jirani. Ndiyo maana hongo hupenda kukaa katika ofisi ya kupitisha ramani, na ndiyo maana twasema kwamba palipo na sahihi yenye thamani hiyo, pawe pia na macho ya watu.

Baada ya swali la wapi huja swali la namna gani. Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, inamwagiza ajengaye nyumba mpya azungushe ukingo juu ya dari yake, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Tazameni hekima iliyomo. Nyumba ni yake, dari ni yake, fedha ni zake. Lakini uhai wa mgeni atakayepanda juu si wake, na kwa hiyo sheria inaingia mpaka darini. Hicho ndicho kiwango cha ujenzi, na msingi wake ni uhai wa jirani.

Nchi yetu imejifunza jambo hili kwa msiba. Mwaka 1996 jengo la duka kubwa lilianguka katikati ya Nairobi. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jengo la kupangisha la orofa sita liliporomoka Huruma, kando ya mto, likaua karibu watu 50. Lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya kubomolewa, na wapangaji walikuwa bado ndani. Rangi nyekundu ukutani haikuwasaidia. Na kwa miongo mingi tulijenga kwa kanuni za mwaka 1968, mpaka zikaja Kanuni za Taifa za Ujenzi za mwaka 2024. Kanuni mpya ni jambo la kushukuru, lakini kanuni bila mkaguzi mwaminifu ni ukingo uliochorwa kwenye karatasi.

Basi tunapoletewa mpango wa maduka au ofisi, tusiulize tu kama jengo litapendeza. Tuulize: maji taka yataelekea wapi? Magari yataegeshwa wapi, au barabara yetu ndiyo itakuwa maegesho? Gari la zimamoto litapita? Kuna ngazi ya pili ya kutorokea moto? Anayetumia kiti cha magurudumu ataingia kwa mlango wa mbele kama watu wengine, au atabebwa kama gunia? Ukuta utakuwa umbali gani kutoka kwa jirani? Na kama kuna mto, je, ukanda wa kingo umeachwa? Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilitaja nafasi isiyopungua mita 6 na isiyozidi mita 30 kila upande, kwa kutegemea kimo cha juu cha mafuriko.

Hapa tuseme neno juu ya usawa. Mwaka 2018 majengo makubwa ya maduka jijini Nairobi, mengine ukingoni mwa mto na mengine yakidaiwa kuwa katika eneo la barabara, yalibomolewa hadharani. Wengi walishangilia. Lakini nani aliulizwa aliyepitisha ramani zile? Na wafanyakazi na wenye maduka waliokodi kwa nia njema walilia na nani? Kisha baada ya mafuriko ya mwaka 2024, tingatinga lilishuka Mathare na Mukuru, likawakuta watu ambao maji yalikuwa yamekwisha kuwachukulia vitanda. Kabla ya hapo, mwaka 1990, watu wa Muoroto walibomolewa makao na vibanda vyao, na sauti za makanisa zikasikika zikilaani ukatili ule. Tangu enzi hizo somo ni moja: pale mpango usipofuatwa mapema kwa kalamu, hufuatwa baadaye kwa tingatinga, na tingatinga humkuta kwanza asiye na wakili.

Kwa hiyo tusieleweke kwamba tunapinga biashara. Mama mboga ni biashara. Fundi wa viatu ni biashara. Mpango ulio mzuri humpa mchuuzi nafasi yenye kivuli, maji na choo kando ya njia watu wanakopita. Haumfukuzi ili mlango wa duka kubwa uonekane. Tukidai viwango, tudai na vya soko.

Je, tuna silaha gani leo ambayo Profesa Maathai hakuwa nayo mwaka 1989? Tunayo Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara. Mlango uliofungwa usoni pa mama yule sasa uko wazi. Kifungu cha 35 kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Tunayo pia Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Kifungu chake cha 58 kinamtaka mwombaji autangazie umma mradi wake na kuwaalika watu walete pingamizi kwa kaunti. Kifungu cha 61 kinampa asiyeridhika na uamuzi siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya uwiano ya kaunti, na baada ya hapo ipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Lakini sikilizeni na hili, maana ndilo lililotufanya tuombe nafasi ya kusema leo. Kifungu hicho hicho cha 58 kinasema kwamba mwombaji asipojibiwa kwa maandishi katika siku 60, itahesabiwa kuwa amepewa ruhusa. Nia yake ilikuwa njema: kumkinga mwananchi na afisa anayekalia faili mpaka apewe kitu kidogo. Hata hivyo ndani yake mna hatari. Afisa ambaye hataki jina lake lionekane aweza kunyamaza tu, na kimya chake kikapanda orofa saba. Na kimya chake kikikutana na kimya chetu, nani atazuia?

Tunapendekeza basi kila parokia, kila ushirika na kila kikundi cha mtaa kifanye mambo manne. Kwanza, wateuliwe watu wawili, kijana na mzee, watakaosoma matangazo ya ardhi katika magazeti na kwenye nyua kila juma, na kuyatangaza baada ya ibadan pamoja na matangazo ya ndoa. Pili, tangazo likionekana, ipigwe picha yenye tarehe, na ramani iombwe kwa barua. Tatu, pingamizi iandikwe kwa jina, kwa sababu zinazopimika kama maji taka, njia, mwanga na mto, wala si kwa matusi. Nakala ipigwe mhuri wa kupokelewa na itunzwe. Nne, bajeti na mipango ya kaunti ikijadiliwa, twende tukaketi. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi yake waziwazi, lakini ukumbi mtupu hauna shahidi.

Na sisi tulio na viwanja, au kanisa letu lenye kiwanja cha kukodisha, tuanze nyumbani. Tusidai ukingo kwenye dari ya jirani hali yetu iko wazi.

Ndugu zetu, tulidai vyama vingi ili sauti ziwe nyingi. Kila baada ya miaka mitano tunapanga foleni alfajiri kupiga kura, na hiyo ni haki iliyogharimu damu. Kura ile husubiri miaka mitano. Karatasi ya mtini husubiri siku chache tu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jumapili ijayo, mkienda ibadani, tembeeni polepole, na msome kila kilichobandikwa njiani.