Kusubu Vinyago vya Kuvaa



Vinyago vya ngoma vya Wamakonde huchongwa katika mti mwepesi. Lakini iko njia nyingine, nayo ni kusubu katika kalibu, na mji uliosifika kwa kazi hiyo ni Venice, katika nchi ya Italia. Chama cha mafundi wa vinyago wa mji huo kilipata sheria zake mwaka 1436. Dola ya Venice ilipoanguka mwaka 1797 sikukuu ya vinyago ilififia, hata ikafufuliwa mwaka 1979.

Kazi yenyewe ni hivi. Fundi hufinyanga uso wa udongo, kisha humimina juu yake jasi iliyokorogwa kwa maji. Jasi ikiisha kuganda, udongo hutolewa, na uwazi uliobaki ndio kalibu. Ndani yake hupakwa mafuta mazito, na vipande vya karatasi iliyolowana gundi hubandikwa tabaka juu ya tabaka, vikishindiliwa kwa vidole hata katika pembe za pua. Karatasi huchanwa kwa mkono wala haikatwi kwa mkasi, kwa maana ukingo uliochanika hulala vizuri wala hauachi alama. Hapo ndipo subira ya fundi hujulikana: kinyago kikitolewa kingali kibichi, hujikunja na kuharibika. Kikiisha kukauka kabisa hutobolewa macho, hupigwa msasa, hupakwa rangi na vanishi. Kalibu moja huzaa vinyago vingi, ndiyo sababu mafundi huzitunza kalibu kuliko vinyago vyenyewe.

Kinyago cha kutundika ukutani hakina taabu. Cha kuvaa, hapana budi mvaaji apate pumzi na kuona mahali anapokanyaga. Yafaa pia ndani kupakwe vanishi, kwa kuwa jasho hulegeza gundi. Watu wa Venice walibuni kinyago kiitwacho bauta, ambacho sehemu yake ya chini imetokeza mbele, hata mvaaji aweza kula na kunywa bila ya kukivua. Na sauti yake hubadilika, asitambulikane.

Liko jambo moja la hatari. Jasi inapoganda hupata moto mwingi, wala hauonekani kwa macho. Nchini Uingereza, mwaka 2007, mwanafunzi mmoja alitia mikono yake katika ndoo ya jasi ili apate umbo la mikono hiyo. Jasi ikaganda, mikono isitoke, na moto ule ukamwunguza hata akapoteza karibu vidole vyake vyote. Basi uso wa mtu aliye hai usimiminiwe jasi. Mafundi wanaotaka sura ya mtu hutumia kwanza unga utokanao na mwani, ule ule watumiao madaktari wa meno. Huo huganda baridi, laini kama ute mzito. Jasi hufuata juu yake, kwa vitambaa vyembamba tu, na matundu ya pua huachwa wazi muda wote.