Kabla ya Disko: Kwa Nini Vijana Wetu Wanaacha Chuo



Mwanafunzi anapoacha chuo, kwenye jalada lake huandikwa kwamba alama hazikutosha, au hakulipa ada, au hakuripoti. Kazi ya ushauri imenifundisha kutoyaamini sana maandishi hayo. Wengi tunaosema wamedisko, yaani wameondolewa masomoni kwa kufeli, walikwisha kuacha masomo wiki nyingi kabla ya matokeo kubandikwa. Darasani hawaonekani, na hakuna aliyewauliza.

Nianze na fedha, maana ndiko yanakoanzia mengi. Tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ianze kazi mwaka 2005, watoto wa wakulima na wavuvi wamefika vyuo vikuu kwa wingi, na hilo si jambo la kubeza hata kidogo. Lakini mkopo una viwango: yupo anayelipiwa ada yote, yupo anayelipiwa sehemu, na yupo anayekosa kabisa. Anayepata boom kamili, yaani fedha ya kujikimu, amekadiriwa shilingi 10,000 kwa siku, na humo humo atoe chakula, chumba na nauli. Hosteli za chuo hazitoshi, kwa hiyo anapanga mtaani, ambako mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Bado nyumbani wanamsubiri. Mtoto wa kwanza wa ukoo kufika chuo huhesabiwa kama aliyekwisha kuajiriwa. Mdogo wake akikosa sare, yeye ndiye anayepigiwa simu.

Namkumbuka kijana mmoja wa uhandisi, mwaka wa pili. Alipungukiwa ada shilingi 180,000, na bila kumaliza deni asingepata kibali cha mtihani. Baba alikwisha kuuza ng'ombe mwaka wa kwanza, naye akaona haya kumwambia tena. Akachukua bodaboda ya mkataba, akawa anaendesha usiku. Vipindi vya maabara vya asubuhi vikampita, sapu, yaani mitihani ya marudio, zikarundikana. Alipofika ofisini kwangu alikuwa ameshika barua ya kuondolewa masomoni, na sababu iliyoandikwa ni alama. Utaratibu wa kuahirisha masomo upo, ila hakuna aliyewahi kumweleza.

Zipo sababu nyingine. Wengine wamesomea kozi waliyopangiwa, si waliyoipenda. Wengine walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakakariri Kiingereza sekondari, na sasa wanatakiwa kuandika ripoti ya kurasa 20. Msichana aliyejifungua hafukuzwi, lakini ukimuuliza atamwacha wapi mtoto wakati wa kipindi, hana jibu, na chuo pia hakina.

Nasikia ikisemwa kwamba vijana wa sasa ni wavivu, wanapenda starehe na kubeti. Kubeti kupo, na kunaumiza. Ila baadhi ya niliozungumza nao walianza kubeti wakitafuta ada. Tukikimbilia kuwalaumu, tutawapoteza na wale ambao shilingi laki mbili na mazungumzo ya nusu saa yangewabakiza.

Kwa hiyo naiomba semina hii iazimie mambo mawili. Kwanza, mahudhurio yakaguliwe mwishoni mwa wiki ya nne ya kila muhula, na kila asiyeonekana apigiwe simu na mshauri wake, siyo kutumiwa barua. Pili, anayedaiwa sehemu ndogo ya ada aruhusiwe kufanya mtihani kwa makubaliano ya maandishi, na matokeo yake yazuiwe mpaka atakapolipa. Chuo hakitapoteza fedha yake, na mwanafunzi hatapoteza mwaka.

Nanyi wazazi, mkiwapigia vijana wenu wiki hii, waulizeni wanakula nini na wanalala wapi kabla ya kuwauliza matokeo. Wengi wanangoja kuulizwa.