Msomaji na Wasikilizaji Wake

Jioni hii nataka kusema nanyi juu ya jambo la zamani lisilochakaa, nalo ni kusoma kwa sauti mbele ya wenzetu na kuyajadili yaliyosomwa.

Kwanza tuitazame Chunya. Dhahabu ilipoonekana katika nchi ya Lupa mwaka 1922, watu wa makabila mengi walikuja kuitafuta, nao walisikilizana kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata gazeti la Mambo Leo lilianza kupigwa chapa Dar es Salaam kila mwezi. Siku zile wajuao kusoma walikuwa wachache katika nchi nzima. Kwa hiyo gazeti moja lilifikia masikio mengi, mmoja akisoma na wengine wakimzunguka.

Pengine mtu atauliza, Shule zimeenea, haja gani tena ya kusomeana? Jawabu twalipata katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapata milioni 2 wa Tanzania walikutana katika vikundi kila juma, kwa majuma 12. Kwanza walisikiliza redio. Kisha kiongozi alisoma kitabu kwa sauti, ili asiyejua kusoma asiachwe nyuma. Halafu waliulizana, Je, ugonjwa huu upo kwetu? Sababu yake ni nini? Tufanyeje? Wala hawakuishia katika maneno, bali walichimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba zao.

Angalieni siri yake. Kama kiongozi angalisoma na kufunga kitabu, watu wangalisema, Tumesikia, wakaenda zao. Choo hakichimbwi kwa kusikia. Lakini mtu asemaye mbele ya jirani zake, Mimi nitachimba, ametoa ahadi, na jirani zake ndio mashahidi.

Nanyi wanafunzi, msomeapo wazee wenu, someni polepole, tueni penye nukta, na mkubali kuulizwa. Mzee asiyejua herufi aweza kulijua jambo kuliko aliyeliandika: kitabu chaeleza namna ya kuchimba kisima, lakini yeye ajua mahali ambapo maji hayakauki wakati wa kiangazi. Msipomwacha aseme, mtachimba bure.

Wahenga walisema, Penye wazee haliharibiki neno. Nami naongeza, Penye msomaji halipotei.

Kwaherini.