Mtu aliyepooza kwa kuumia mgongo: utafiti umefika wapi?

(MUZIKI WA KIPINDI, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI:
Leo tunajibu swali linaloulizwa na familia nyingi: mtu aliyepigwa risasi mgongoni, au aliyeanguka mtini akapooza miguu, je, kuna dawa ya kumrudisha kama zamani?

Ndani ya mifupa ya mgongo, kuanzia shingoni hadi kiunoni, mna kamba laini ya mishipa ya fahamu. Ndiyo inayopeleka amri za ubongo miguuni na kurudisha habari za maumivu na joto. Mshipa wa fahamu wa mkononi ukikatika, unaweza kuota tena polepole. Ule wa mgongoni hauoti. Kwa nini?

Mwaka 1981, huko Montreal, Kanada, watafiti Samuel David na Albert Aguayo walichukua kipande cha mshipa wa fahamu wa mguu wa panya, wakakiweka kama daraja kati ya ubongo na kamba ya mgongo. Nyuzi za fahamu zikaota ndani yake karibu sentimita 3. Kumbe uwezo wa kuota upo. Kinachozuia ni mahali zilipo. Baadaye Martin Schwab, huko Uswisi, alionyesha kwamba ile ngozi inayozifunika nyuzi hizo ina protini inayozizuia zisikue.

Mwaka 2018, huko Lausanne, Uswisi pia, wanaume watatu waliokuwa wamepooza kwa miaka kadhaa walipachikwa nyaya ndogo za umeme juu ya kamba ya mgongo. Kwa msaada wa umeme huo na mazoezi, walipiga hatua huku wakishikiliwa.

Ni habari njema. Lakini tusidanganyane: bado hakuna sindano, kidonge wala mafuta ya kuiunganisha kamba hiyo. Anayekushawishi uuze mgao wako wa chakula ununue dawa yake, usimpe.

Kilichookoa maisha ya wengi ni uangalizi. Ludwig Guttmann, daktari Myahudi, aliikimbia Ujerumani mwaka 1939. Alikuwa mkimbizi, kama wengi wenu. Mwaka 1944 alianza kuwatibu waliopooza huko Stoke Mandeville, Uingereza. Wakati huo wengi walikufa kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Yeye akaagiza kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku.

Hilo linawezekana hata ndani ya hema. Basi ndugu wa mgonjwa, pangeni zamu:

Mgeuzeni kila baada ya saa mbili. Kila siku kagueni ngozi ya makalio, nyonga na visigino, maana yeye hasikii maumivu. Mkiona wekundu au weusi usioondoka, msimlalishe upande huo. Akipata homa, au mkojo ukiwa mchafu, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo.

Na mtu akianguka leo, msimbebe kwa mikono na miguu. Mlazeni amenyooka juu ya ubao au mlango, shingo isitikisike.

Tuwatunze ndugu zetu, wakati utafiti unaendelea. Hadi kipindi kijacho, kwaherini.

(MUZIKI UNAPANDA)