Mguso wa Elektrodi na Ngozi ya Kichwa: Changamoto ya Kupima Miitikio ya Umeme ya Ubongo katika Mazingira ya Afrika Mashariki

Mada hii inahusu upimaji wa miitikio ya umeme ambayo ubongo huitoa baada ya kupokea kichocheo, kiwe sauti, picha, neno au mguso, pamoja na nafasi ya upimaji huo katika utafiti wa sayansi ya ubongo Afrika Mashariki. Waandaaji wa semina waliomba maelezo ya jumla ya mbinu na changamoto zake. Maelezo ya jumla yanatolewa kwa ufupi, kwa kuwa washiriki wengi wanayafahamu, na sehemu kubwa ya mada imeelekezwa kwenye changamoto moja ambayo ripoti nyingi huitaja kwa sentensi moja na kuendelea na mengine, nayo ni mguso kati ya elektrodi na ngozi ya kichwa.

Maana na msingi wa mbinu

Elektroensefalografia ni mbinu ya kurekodi tofauti ndogo za volti juu ya ngozi ya kichwa, zinazotokana na seli nyingi za neva za gamba la ubongo zinapofanya kazi kwa pamoja. Richard Caton wa Liverpool aliripoti umeme huo katika ubongo wa wanyama mwaka 1875, na Hans Berger wa Jena, Ujerumani, aliurekodi kwa binadamu mwaka 1924 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1929. Mwitikio kwa kichocheo ni sehemu ndogo tu ya umeme huo: shughuli ya kawaida ya ubongo hufikia makumi ya maikrovolti, ilhali mwitikio kwa kichocheo kimoja aghalabu ni maikrovolti chache, hivyo hufunikwa. Ili uonekane, kichocheo hurudiwa mara nyingi, vipande vya rekodi hupangwa kuanzia nukta kilipotolewa, kisha hutafutwa wastani wake, ili kinachofungamana na kichocheo kibaki na kisichofungamana nacho kififie. George Dawson wa London aliunda mashine ya kufanya kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kelele ya umeme inayobaki hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya marudio, kwa maana kwamba marudio 100 huipunguza hadi sehemu moja ya kumi, na kanuni hiyo ina uzito mkubwa katika hoja zinazofuata.

Mawimbi yanayopatikana hupewa majina kwa mwelekeo na wakati wake. Wimbi la P300, ambalo Samuel Sutton na wenzake waliliripoti mwaka 1965, ni la chanya na hujitokeza takriban milisekunde 300 au zaidi baada ya mtu kutambua tukio adimu alilokuwa akilisubiri. N400, ambalo Marta Kutas na Steven Hillyard waliliripoti mwaka 1980, ni la hasi na hukua neno lisipoafikiana na maana ya sentensi. Katika kanda hii kazi iliyofanyika Kilifi, pwani ya Kenya, inastahili heshima ya pekee, kwani tafiti zilizochapishwa mwaka 2010 zilipima miitikio ya watoto kwa sauti na picha ngeni, kwa watoto wenye makuzi ya kawaida na kwa wale waliowahi kuugua malaria kali. Kwa hiyo mbinu si ngeni hapa, wala uwezo wa kuitumia haukosekani.

Tatizo la mguso

Elektrodi, ambayo kwa kawaida ni kisahani cha fedha chenye tabaka la kloridi ya fedha, husoma umeme wa ngozi kupitia jeli yenye chumvi. Ubora wa njia hiyo hupimwa kwa ukinzani, ambao kwa vikuza ishara vya zamani ulitakiwa uwe chini ya kiloomu 5, ilhali vya kisasa huweza kufanya kazi ukinzani ukifika makumi ya kiloomu. Kauli hiyo ya pili imekuwa ikisomwa kama ruhusa ya kutojali mguso, na usomaji huo una makosa, kwa sababu uwezo wa kikuza hauondoi matatizo yanayoanzia kwenye ngozi yenyewe. Ukinzani unapotofautiana sana kati ya elektrodi moja na nyingine, umeme wa gridi wa hezi 50 hupenya kwenye rekodi kwa urahisi zaidi. Juu ya hilo, tabaka la nje la ngozi hujenga tofauti yake ya volti, nayo hubadilika polepole kadiri mifereji ya jasho inavyojaa, kiasi kwamba rekodi hupanda na kushuka bila ubongo kuhusika.

Mwaka 2010 Emily Kappenman na Steven Luck walichapisha utafiti uliolinganisha elektrodi za ukinzani mdogo na mkubwa katika mazingira ya baridi na ukavu, kisha katika mazingira ya joto na unyevu. Walionyesha kwamba ukinzani mkubwa huongeza kelele ya masafa ya chini, na kwamba madhara hayo huwa makubwa zaidi penye joto na unyevu. Wimbi la P300, ambalo ni la polepole, ndilo linaloathirika. Hali ambayo watafiti hao wa Marekani waliichunguza kama sharti mojawapo la jaribio ni hali ya kawaida kwa miezi mingi ya mwaka Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, na umeme unapokatika, kiyoyozi huzimika kipimo kikiendelea. Ni vigumu kueleza kwa nini miongozo ya maabara inayotumika hapa hunakiliwa kutoka nchi za baridi bila kugusiwa jambo hili. Wapo wanaotegemea kichujio cha kompyuta kuondoa mabadiliko hayo ya polepole, lakini kichujio kikipandishwa hadi hezi 1, mathalani, hupotosha umbo la wimbi lenyewe na huweza kuzua kilele cha uongo mahali ambapo ubongo haukutoa chochote.

Joto ni nusu ya tatizo. Kofia za elektrodi zinazouzwa sokoni ziliundwa kwa dhana kwamba nywele hulala na hutengana zikisukumwa kando. Nywele za kipilipili, yaani nywele nene zenye mizunguko iliyobana, huinua kofia kutoka kwenye ngozi, hurudi mahali pake mara tu fundi anapozitenganisha, na hufyonza jeli kabla haijafika inapotakiwa. Fundi akiongeza jeli ili kufidia, jeli hutambaa katika nywele hadi kuunganisha elektrodi mbili za jirani, ambazo huanza kusoma kitu kimoja huku skrini ikionyesha ukinzani mzuri. Kosa hilo la mwisho ni la hatari zaidi kwa sababu halionekani. Mshiriki aliyesuka rasta au aliyeshonea nywele za bandia hana hata nafasi ya kujaribiwa: huombwa afumue, na asipokubali huondolewa.

Gharama ya hali hii inaweza kukokotolewa. Kelele ikiongezeka mara mbili, marudio yanatakiwa yaongezeke mara nne ili ubora ubaki uleule. Jaribio la P300 lenye vichocheo adimu 50, vikiwa ni asilimia 20 ya vichocheo vyote na kila kimoja kikitolewa baada ya sekunde 1.5, humalizika kwa zaidi kidogo ya dakika 6. Likihitaji vichocheo adimu 200, litadumu dakika 25, na kabla ya hapo mshiriki atakuwa amechoka, makini yake imeshuka, na wimbi linalotafutwa limepungua kwa sababu ya uchovu huo.

Gharama kubwa zaidi ni ya haki na ya ukweli wa sayansi. Kichwa kinachopimika kwa urahisi katika kanda hii ni cha mwanamume mwenye nywele fupi au cha mwanafunzi aliyenyolewa kwa kanuni za shule. Kinachoachwa ni cha mwanamke mtu mzima. Ripoti husema kwamba washiriki kadhaa waliondolewa kwa sababu ya ubora duni wa data, na msomaji hawezi kujua kwamba walioondolewa walifanana. Bila kuilaumu taasisi yoyote, ni lazima isemwe wazi kwamba viwango vya kawaida vya miitikio ya ubongo vinavyojengwa kwa njia hii haviwezi kuwasemea watu ambao hawakupimwa, na kwamba daktari atakayevitumia kesho kumpima mama aliyepata kiharusi atamlinganisha na kundi lisilo lake.

Ufumbuzi upo. Mwaka 2020 Arnelle Etienne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, walichapisha muundo wa elektrodi zenye vishikizo vinavyokaa chini ya misuko: nywele husukwa kwa mistari inayofuata mpangilio wa kimataifa wa elektrodi ulioripotiwa na Herbert Jasper mwaka 1958, ngozi hubaki wazi kati ya mistari, na misuko yenyewe huikandamiza elektrodi kwenye ngozi. Ukinzani ulipungua kwa kiasi kikubwa ukilinganishwa na elektrodi za kawaida. Msuko wa twende kilioni, ambao kila msusi wa mtaani anaumudu, unafanana sana na unaohitajika, na hakuna sababu ya kisayansi ya kuendelea kuuona kama kikwazo.

Mapendekezo

Maabara zimwajiri au zimkodi msusi kama sehemu ya timu ya upimaji, na malipo yake yaingizwe kwenye bajeti ya utafiti tangu mwanzo, pamoja na malipo ya kumsuka upya mshiriki atakayekubali kufumua. Mshiriki aelezwe mapema, na si siku ya kipimo, msuko unaofaa ni upi na kwamba asipake mafuta ya nywele asubuhi hiyo. Penye washiriki wanaovaa ushungi au hijabu, pawe na chumba kilichofungwa na fundi wa kike, kwani ridhaa iliyotolewa bila kujua nani atamfunua mtu kichwa si ridhaa kamili. Kamati za maadili ya utafiti ziulize jambo hili katika fomu zake.

Ukinzani wa kila elektrodi upimwe mwanzoni, katikati na mwishoni mwa kipimo na uchapishwe pamoja na matokeo, kwa sababu jeli hukauka na jasho huongezeka. Joto na unyevu wa chumba virekodiwe pia. Kiyoyozi kiwe na umeme wa akiba, na pasipowezekana, vipimo vifanyike asubuhi. Ngozi isuguliwe taratibu kwa vifaa vilivyotakaswa, kwani mkwaruzo ni njia ya maambukizi. Waya wa ardhi wa jengo ukaguliwe kabla ya mtu yeyote kufikiria kichujio cha hezi 50.

Idadi ya elektrodi ipunguzwe. P300 huwa kubwa zaidi katikati ya kichwa kuelekea nyuma, na elektrodi chache zilizogusa ngozi vizuri zina thamani kuliko 128 zinazoelea juu ya nywele. Fahari ya kununua kofia yenye elektrodi nyingi imezigharimu maabara fedha na data.

Taasisi zinazonunua vifaa ziweke katika nyaraka za zabuni sharti la kujaribiwa kwa elektrodi kwenye nywele za kipilipili, zikiwa wazi na zikiwa zimesukwa, kabla ya malipo ya mwisho. Vigezo vya kumwondoa mshiriki viandikwe kabla ya utafiti kuanza, na ripoti zitaje walioondolewa kwa jinsia na kwa hali ya nywele. Wahariri wa majarida ya kanda wasikubali maneno "ubora duni wa data" bila maelezo hayo. Inasisitizwa tena kwamba malipo ya msusi ni gharama ya upimaji kama ilivyo bei ya jeli, na wafadhili waombwe kuyatambua hivyo.

Mwisho, maabara za pwani na za nyanda za juu zishirikiane kuwapima watu walewale kwa jaribio moja la P300, mara moja nywele zikiwa wazi na mara nyingine zikiwa zimesukwa kwa mistari, katika chumba chenye kiyoyozi na kisicho nacho, ili kiasi cha kelele kinachotokana na kila hali kijulikane kwa takwimu za hapa. Utafiti huo hauhitaji mashine mpya.